Maneno ya mzee yanapobadilika: anza kuangalia hapa

Mama alikuwa amekaa uani, nazi imeshapasuliwa, nusu mbili ziko juu ya sinia. Akaninyooshea kidole upande wa jikoni. "Niletee kile... kile cha kukalia. Chenye meno." Nilisimama nikamwangalia. Mwanamke aliyekuna nazi tangu hajavunja ungo, leo jina la mbuzi limemtoka. Nikamletea. Akaikalia, akakuna nazi yote mpaka kifuu kikawa cheupe. Mkono wake haukusahau kitu.

Hiyo ni miaka minane iliyopita, Ngamiani, hapa Tanga. Nilimuuguza mpaka mwisho wake, na kazi yangu ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii inanipitisha kwenye nyumba nyingi za Makorora, Mikanjuni na Msambweni zenye mzee anayeumwa ugonjwa wa kusahau, ule ambao hospitali wanauita demensia. Maswali ninayoulizwa yanafanana sana. Nimeyapanga hapa kwa dalili: unachokiona, kinachosababisha (nimetanguliza kile kinachotokea mara nyingi), unachoweza kukagua mwenyewe, na pale unapotakiwa kuacha kukagua na kutafuta daktari.

Lipo jambo moja naomba ulishike kabla ya mengine. Ugonjwa wa kusahau hauna haraka. Unakula maneno kwa miezi na miaka. Neno lililokuwepo jana jioni na leo asubuhi halipo, halijachukuliwa na demensia. Kuna kitu kingine kimeingia, na mara nyingi kitu hicho kina dawa. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: hali hii imeanza lini?

Maneno yameharibika ghafla, ndani ya dakika au saa chache

Alikuwa anaongea, sasa ulimi mzito, au maneno yanatoka lakini hayana maana, au anakuangalia tu. Hapa usisome dalili nyingine.

Kinachoshukiwa kwanza ni kiharusi. Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umeshuka. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme sentensi fupi, "Leo nimekunywa chai," usikilize. Ukiona hata kimoja, kimbiza hospitali. Hata kama baada ya dakika kumi amerudi sawa, nenda vilevile, maana kiharusi kidogo kilichopita huweza kukipisha kikubwa.

Kama ana kisukari na kipimo kipo nyumbani, choma kidole hapo hapo. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), naye yuko macho na anameza vizuri, mpe maji ya sukari au soda, kisha nenda naye hospitali. Kama hamezi, usimmiminie kitu.

Bila kipimo kinachoonyesha sukari imeshuka, usimpe chochote mdomoni, hata maji, hata aspirini. Kiharusi kimoja ni mshipa ulioziba, kingine ni mshipa uliopasuka, na aspirini juu ya mshipa uliopasuka inazidisha damu. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Daktari mwenyewe anahitaji picha ya CT. Andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, hata kama ni juu ya kiganja chako. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, penye uwezo wa kuitoa, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na mtu asiyejua saa anaipoteza nafasi hiyo mlangoni. Tafuta gari au bajaji yenye mtu wa kumshika. Bodaboda hapana, ataanguka.

Ndani ya siku moja au mbili amekuwa anaweweseka

Hapa ndipo sisi tulipokosea, na ndipo ninapoona familia nyingi zinakosea.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imekamata, bati linatoa mvuke. Mama akashikwa na mafua. Tukaenda duka la dawa, tukapewa vidonge vidogo vya njano vya mafua, asubuhi kimoja, jioni kimoja. Usiku wa pili akaanza kuongea na dari. Maneno yalikuwa ya haraka, yamekatikakatika, anamwita kaka yake aliyekufa zamani, anamwambia afunge mlango wa mashua. Mashua haina mlango. Mchana analala, ukimwamsha hamalizi sentensi. Kaka yangu akasema, "Ugonjwa umepanda." Tukakubaliana naye. Tukakaa siku tatu tunaomba dua na kupokezana kukesha.

Siku ya nne alipita jirani yetu muuguzi, akauliza swali moja: "Amekojoa lini?" Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama tikiti. Hospitali wakamwekea mpira, mkojo ukatoka mwingi, wa rangi ya chai, na kipimo kikaonyesha maambukizi. Zile dawa za mafua, na nyingine za jamii yake, zinakausha kinywa, zinaweza kuzuia mkojo, na zinavuruga kichwa cha mzee kuliko cha kijana. Baada ya wiki moja na ushei majina yetu yalirudi. Mbuzi ya nazi haikurudi, lakini sisi watoto wake tulirudi.

Siku tatu zile bado zinaniuma. Kwa hiyo mzee akianza kuweweseka, kagua kwa mpangilio huu:

1. Maambukizi. Mkojo kwanza, kisha kifua, kisha malaria. Usisubiri homa, kwani mzee anaweza kuwa na maambukizi makubwa na mwili wake ukawa baridi.
2. Maji. Mwenye ugonjwa wa kusahau husahau kiu. Midomo imekauka? Mkojo wake mweusi? Wakati wa Ramadhani angalia zaidi, kwa sababu wazee wengi hung'ang'ania kufunga hata wanapokuwa hawakumbuki kama walikula daku. Dini imewapa ruhusa wasifunge na walishe masikini, na sheikh wa mtaa akija kumweleza mzee mwenyewe husikilizwa kuliko mtoto.
3. Dawa. Kipi kimeongezwa ndani ya wiki mbili? Dawa za mafua na mzio kama Piriton, dawa za usingizi kama Valium, amitriptilini ya maumivu na usingizi, dawa kali za maumivu. Weka zote kwenye mfuko mmoja, uende nazo kwa daktari. Usikatize ghafla dawa alizozizoea muda mrefu, hasa za usingizi, mpaka daktari aseme.
4. Choo. Siku ngapi hajaenda? Na mkojo je, unatoka?
5. Kuanguka. Hata kama ni wiki tatu zilizopita, hata kama alisema haumii. Damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikachelewa sana.

Ukikagua ukaona chochote kati ya hivyo, au ukikagua usione kitu, safari ni hospitali siku hiyo hiyo. Kukagua kwako ni kwa ajili ya kumpa daktari pa kuanzia. Na ukifika pale usiseme "mama ana demensia, sasa imezidi," maana ukisema hivyo utaandikiwa hivyo. Sema: "Juzi alikuwa anatutambua kwa majina, tangu jana hatutambui." Sentensi hiyo inafungua faili jingine kabisa.

Jina la kitu halitoki

Hii ndiyo dalili inayowaleta watu wengi kwangu. "Kile kidude." "Yule... yule wa kule." Au jina linakuja lakini si lake: kijiko kinaitwa mwiko, mjukuu anaitwa kwa jina la mjomba. Mwaka 1906 daktari wa Ujerumani aitwaye Alois Alzheimer alieleza habari za mgonjwa wake, mwanamke aliyefika kwake akiwa na miaka 51. Katika aliyoyaandika limo hili: badala ya kusema kikombe, mama yule alisema kitu cha kumiminia maziwa. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mama na kile cha kukalia chenye meno. Akili inajua kitu ni cha nini. Njia ya kwenda kwenye jina ndiyo imekatika.

Mara nyingi sababu ni ugonjwa wenyewe, lakini siku kwa siku kuna mambo yanayouongezea uzito. Uchovu: maneno ya asubuhi baada ya chai huwa mengi kuliko ya magharibi. Kelele na haraka: watu watano sebuleni, kila mmoja anadakia. Kutokusikia vizuri. Huzuni. Nyuma yake kuna mambo ya damu, kama tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango au upungufu wa vitamini B12, ambayo si ya kukisia. Yanapimwa, na yana tiba.

Nyumbani anza hivi. Akikwama, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi bila kumtolea macho. Kumi ni ndefu, utaona, na mara nyingi neno hufika kwenye saba. Lisipofika, mwambie akuonyeshe kwa mkono au muulize ni cha kufanyia nini. Bado? Mpe herufi za mwanzo: "mbu..." Bado? Taja vitu viwili tu achague: "Chai au uji?" Vitatu ni vingi. Kikombe mkononi kinamsaidia kuliko neno kikombe.

Akisema jina lisilo lake nawe umeelewa, mletee anachotaka, basi. Kumsahihisha hakumrudishii neno. Kunamfundisha kunyamaza, na mzee aliyejifunza kunyamaza ni kazi kumrudisha.

Mweleze daktari mapema kama maneno ndiyo yametangulia kupotea huku kumbukumbu ya mambo mengine iko sawa, hasa akiwa hajafika miaka 65. Zipo aina za ugonjwa huu zinazoanzia kwenye lugha, na njia yake ni tofauti kidogo. Wataalamu wa tiba ya kuongea ni wachache nchini, lakini Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, wanaweza kukuandikia rufaa.

Nunua daftari la shule. Andika tarehe, saa, neno lililopotea, alikuwa amekula, amelala, amekunywa dawa gani. Daktari ana dakika chache na mzee wako, nawe una miezi. Na anayempeleka asiwe mtu aliyeshuka jana stendi ya Kange kutoka Dar. Ampeleke anayelala naye nyumba moja.

Anauliza jambo lile lile

"Baba yenu karudi?" Dakika tano. "Baba yenu karudi?" Jibu halikai, lakini kinachouliza kimekaa. Kagua mwili kwanza: njaa, choo, joto, kiatu kinachobana. Kisha hofu: jua linazama, nyumba imekuwa kimya. Jibu kwa maneno machache, yale yale, sauti ile ile, halafu mpe mkono kazi: achambue mchele, akunje kanga.

Swali la marehemu ni gumu. Kwa mama nilianza kwa kusema kweli, "Mama, baba alishafariki," naye akalia msiba mpya, mara ya kwanza kwake, mara nne kwa siku moja. Nikaacha. Baadaye nilimwambia, "Hajafika. Alikuwa anapenda samaki gani?" Tukaongea samaki. Sijaona kosa katika hilo. Nilichokiona kosa ni kumfisha mume wake kila alasiri.

"Nataka kwenda kwetu" ichukue hivyo hivyo. Mara nyingi hadai nyumba, anadai utulivu. Tembea naye mpaka kona, mzunguke, mrudi.

Ameacha Kiswahili, anaongea lugha ya utotoni

Tanga tunaliona sana hili, kwa sababu wazee wetu wengi Kiswahili kiliwakuta njiani. Kuna waliozaliwa kwenye Kibondei kule Muheza, kwenye Kisambaa milimani, kwenye Kizigua, kwenye Kidigo na Kisegeju huku pwani. Na kuna waliotoka mbali kuja kukata mkonge, manamba, vijana wa miaka kumi na nane wakitoka kusini na magharibi, wakaoa hapa wakabaki hapa.

Mzee mmoja wa njia ya Pongwe nilimkuta familia imeshamwitia waganga wawili. Walisema anasema kwa ulimi usio wake, jini limempanda. Watoto wake wote wamezaliwa hapa, mama yao Mbondei, nyumba nzima ni Kiswahili. Nilimsikiliza, sikuelewa, lakini maneno yalikuwa na mwendo wa lugha, yanapanda na kushuka, yanauliza. Nikamwomba Mmakonde mmoja anayechonga vinyago tukaenda naye. Akachuchumaa mbele ya mzee, akasikiliza, akacheka kidogo kwa huruma, akajibu. Mzee akamshika mkono wala hakuuachia. Alikuwa anasema mbuzi wameingia shambani na mama yake atakasirika. Ulimi ulikuwa wake kuliko alioutumia miaka sitini.

Sababu ya kwanza ndiyo hiyo: lugha iliyoingia mwanzo imezama zaidi, na ugonjwa unaanza kula juu. Sababu ya pili ni uchovu, kwani wengine hurudi kwenye Kiswahili wakishalala vizuri. Ya tatu ni adimu lakini usiisahau. Kama amebadilisha lugha ghafla, leo kwa leo, rudi kwenye ile dalili ya kwanza kabisa, kwa sababu kiharusi nacho kinaweza kuacha lugha moja na kuchukua nyingine.

La kufanya: tafuta mtu wa kwao, hata kwa simu. Omba maneno ya lazima, maji, choo, naumwa, naogopa, njaa, mama. Myaandike ukutani, mjifunze ninyi. Bibi wa Kidigo akisema *madzi* kila mtu wa Tanga atakimbilia mtungi, lakini Kimakonde hakikisiwi hivyo. Na siku ya kliniki mpelekeni na mkalimani. Vipimo vya kumbukumbu ni vya maneno, na mzee akiulizwa kwa lugha inayomtoka ataonekana ameharibika kuliko alivyo.

Haelewi anachoambiwa

Kabla ya ubongo, kagua masikio. Nta ya sikio ni ya kwanza katika hesabu yangu, inaziba bila maumivu na familia inadhani ugonjwa umezidi. Usichokoe kwa njiti ya kiberiti wala pamba ya kijiti, unaisukuma ndani. Zahanati wanailainisha na kuisafisha. Sikio likitoa usaha au likiuma, usitie tone la kitu chochote, nenda nalo lilivyo. Kisha macho: anayeona mdomo wako anaelewa zaidi. Kaa mbele yake, usawa wa macho, mwanga uwe usoni kwako. Mgeni wa kike mwenye nikabu, akishaingia ndani aifunue. Zima redio.

Baada ya hapo kuna jambo letu wenyewe, nalo nimelifikiria miaka mingi. Sisi watu wa Pwani hatusemi kitu kwa jina lake. Tunazunguka. Ndiyo adabu yetu. Wifi yangu alikuwa anamwambia mama, "Mama, jua linakwenda," maana yake twende ukaoge. Mama ananyanyua uso analitazama jua. "Ndiyo, linakwenda." Na amekaa. Wifi anarudia, sauti inapanda, mama anashangaa ugomvi unatoka wapi. Fumbo linahitaji akili ishike mambo mawili pamoja, lililosemwa na lililokusudiwa, na la pili ndilo linaloanguka mapema. Methali, vijembe, mzaha wa utani, yote hayo huanza kumpita.

Siku wifi aliposema, "Mama, twende tukaoge," akampa mkono, mama alinyanyuka. Tuliona haya mwanzoni, tukahisi kama tunamwamuru mkubwa. Lakini adabu inaweza kubaki kwenye sauti na kwenye shikamoo, maneno yenyewe yakawa manyoofu. Jambo moja kwa sentensi moja. Usimwambie "ukimaliza kula uvae tukatoke." Mwambie ale. Akishakula, mwambie avae.

Wageni nao wafundishwe mlangoni. Kile cha "Bibi, mimi nani? Hebu nitaje!" ni mtihani, na mzee anafeli mbele ya watu. Aingie aseme, "Shikamoo bibi, ni mimi mjukuu wako, mtoto wa Halima." Wala msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Maneno yanaweza kumpita, dharau haimpiti.

Ametoka kuwa mtu wa heshima, sasa anatukana

Hili linaletwa kwangu kwa kunong'ona. Mama aliyesomesha watoto madrasa miaka thelathini, leo anatamka mambo ambayo wajukuu wanafunikwa masikio.

Kagua maumivu kwanza: jino, goti, kidonda cha makalio, choo kigumu. Asiyeweza kusema "naumwa" hulipuka. Kisha hofu: matusi yanakuja saa ya kuoga? Maji ni ya baridi, mmemvua nguo ghafla, anayemuogesha ni mkwe wa kiume? Mfunike kwa kanga, osha kipande kwa kipande, awe mtu wa jinsi yake. Kisha maambukizi, kama tulivyosema. Mwisho ndiyo ugonjwa wenyewe, hasa ule unaoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambapo kizuizi cha ulimi kimeondoka. Tusi ni miongoni mwa maneno yanayotoka bila kutafutwa, ndiyo maana linabaki pale mengine yalipokwisha. Halisemi alikuwa nani moyoni.

Watu watasema karogwa, au kuna siri zinamtoka. Ugonjwa huu uko kwetu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2010 ulikuta kama wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao. Dua na kisomo sizuii, mama alitulia sana akisomewa. Ninachokataza ni kumfungia, kumfunga kamba, kumfukiza chumbani bila hewa, na kumnywesha dawa isiyojulikana ina nini.

Acha kujaribu mwenyewe kama anashika kisu, hali kabisa, halali siku mbili, au anaona watu wasiokuwepo wakamtisha. Bombo wana huduma ya afya ya akili, na Lutindi kule Korogwe ni hospitali ya siku nyingi ya magonjwa hayo. Ukiandikiwa dawa za kutuliza akili kama haloperidoli au Largactil, mweleze daktari kabla ya kidonge cha kwanza kama mzee anatetemeka, anatembea kwa kukokota, au huona vitu. Kuna aina ya demensia, ya miili ya Lewy, ambayo dawa hizo zinaweza kumkakamaza mgonjwa vibaya sana. Akikakamaa au akishindwa kumeza baada ya dawa, rudi siku hiyo hiyo.

Sauti imefifia au maneno yana mkwaruzo

Ikiwa imekuja taratibu: meno ya bandia yanayocheza kwa kuwa amekonda, kinywa kikavu, utando mweupe kwenye ulimi (fangasi, inatibika), dawa za usingizi, kisha Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, ambao hupunguza sauti ikawa kama mnong'ono. Fungua mdomo wake, umulike kwa tochi ya simu. Nusu ya majibu yako humo.

Amenyamaza

Kunyamaza kuna sababu nyingi. Huzuni ndiyo inayosahaulika: kama halii, hali, haangalii hata wajukuu, daktari amwone, sonona inatibika hata kwa mwenye demensia. Dawa zinazomlaza. Maumivu. Masikio. Na pia sisi, tuliomzoesha kwamba kila akisema anakosolewa.

Ikiwa ni ugonjwa umefika mbali, bado kuna maneno yaliyolala mahali pengine. Yale ya kukariri, yanayotoka yenyewe kama pumzi: salamu, sala, kuhesabu, nyimbo. Mama hakusema sentensi yake mwenyewe miezi mitano, lakini ukimwambia "shikamoo" alijibu "marahaba" kila asubuhi, kwa sauti kamili. Ukianza Fatiha naye anaingia. Mlezi mwenzangu mmoja anamwekea baba yake taarabu za zamani za Black Star na Lucky Star, mzee anafuatisha viitikio bila kukosa herufi. Jaribuni kila siku, saa ambayo amechangamka, dakika chache.

Wakati huo huo mwangalie anavyokula, kwa sababu misuli ya kusema ndiyo ya kumeza. Sauti yenye maji baada ya kunywa, kikohozi kila mlo, chakula kinachobaki shavuni, homa inayorudirudi: chakula kinaingia njia ya hewa. Mkalishe wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, kijiko cha chai na si cha mezani, uji mzito badala ya maji mepesi mpaka aonwe na mtaalamu. Mwache akae wima nusu saa baada ya kula. Akipaliwa akabadilika rangi, au akisinzia na chakula mdomoni, acha kulisha. Toa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa, usimpe maji ya kusukumia, na umpeleke.

Na asiposema tena kabisa, maumivu utayasoma usoni: kipaji kinachokunjana ukimgeuza, pumzi inayokatika, mkono unaokaza shuka. Mimi nilikuwa naandika hayo pia kwenye daftari, kwenye safu ile ile niliyokuwa naandika maneno.